Mwisho wa Ujerumani Mbili na Jinsi Unavyokumbukwa

Ujerumani Mashariki, iliyojiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, ilikoma kuwa dola usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 1990. Ilikuwa na umri wa miaka 41 kasoro siku nne, watu wapatao milioni 16, jeshi, sarafu, kiti Umoja wa Mataifa na timu ya Olimpiki iliyoogopwa dunia nzima. Haikushindwa vitani wala haikuvamiwa. Bunge lake lenyewe ndilo lililopiga kura ya kuifuta. Vitabu vya shule husimulia tukio hilo kama furaha ya ndugu waliokutana baada ya kutenganishwa, na furaha hiyo ilikuwepo kweli. Hata hivyo, zaidi ya miaka 30 baadaye, Wajerumani hawajakubaliana ni nini hasa kilichotokea: ukombozi, muungano, au nchi moja kumezwa na nyingine. Ubishi huo una chanzo chake. Mwisho wa nchi hiyo ulikuwa na sehemu mbili: usiku mmoja wa Novemba 1989 ambao kila mtu hupenda kuusimulia, na miaka minne au mitano iliyofuata, ambayo kwa muda mrefu haikupata msimulizi.

Mgawanyiko wenyewe haukuanza kama mpango wa kuunda nchi mbili. Mwaka 1945, baada ya Hitler kushindwa, Umoja wa Kisovieti, Marekani, Uingereza na Ufaransa waligawana Ujerumani katika kanda nne. Berlin, ingawa ulikuwa ndani kabisa ya kanda ya Wasovieti, nao ulikatwa vipande vinne. Ugomvi wa washindi ndio uliozaa mengine yote. Juni 1948 kanda za Magharibi zilipata sarafu mpya. Wasovieti wakajibu kwa kufunga njia zote za nchi kavu na za maji za kwenda Berlin Magharibi, na kwa karibu mwaka mzima wakazi wa huko walilishwa kwa ndege. Tarehe 23 Mei 1949 Jamhuri ya Shirikisho ikazaliwa Magharibi. Tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo Mashariki nako kukatangazwa dola.

Dola hiyo changa ilikuwa na tatizo ambalo halikuwahi kupata dawa: raia wake walikuwa na nchi nyingine ya lugha ileile jirani, yenye fedha nzuri zaidi, iliyowapokea bila maswali. Tarehe 17 Juni 1953 wafanyakazi waligoma na kuandamana kupinga kuongezewa viwango vya kazi. Vifaru vya Kisovieti vikawazima. Kufikia 1961 watu wapatao milioni 2.7 walikuwa wamehama, wengi wao vijana, mafundi na madaktari, na njia rahisi ilikuwa kupanda treni ya mjini kutoka upande mmoja wa Berlin kwenda wa pili. Alfajiri ya tarehe 13 Agosti 1961 njia hiyo ilizibwa kwa seng'enge, kisha kwa zege. Ukuta ulioizunguka Berlin Magharibi ulikuja kufikia urefu wa kilomita 155, mbali na mpaka wa karibu kilomita 1,400 uliokata nchi nzima. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwenye ukuta huo. Wa mwisho kupigwa risasi alikuwa Chris Gueffroy, kijana wa miaka 20, Februari 1989, miezi tisa tu kabla ya milango kufunguliwa.

Maisha nyuma ya ukuta si rahisi kuyapima kwa kipimo kimoja, na hapo ndipo kumbukumbu zinapoanza kugombana. Kodi ya nyumba ilikuwa ndogo mno, mkate na nauli ya tramu vilikaribia kuwa bure, kazi ilikuwa ya uhakika, na vituo vya kulelea watoto vilipokea hata wachanga, kiasi kwamba karibu wanawake 9 kati ya 10 wa umri wa kufanya kazi walikuwa kazini au masomoni. Wakati huohuo gari dogo aina ya Trabant lilisubiriwa miaka 10 na zaidi, nyumba za zamani ziliachwa ziporomoke, na raia wa kawaida ilikuwa vigumu kuruhusiwa kutembelea Magharibi mpaka afike umri wa kustaafu. Mwaka 1977 bei ya kahawa ilipopanda duniani, serikali ilibadilishana silaha kwa kahawa ya Ethiopia ili wananchi wasinung'unike mezani.

Juu ya yote hayo ilikaa Wizara ya Usalama wa Dola, maarufu kama Stasi. Mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri wasiopungua 170,000: majirani, wachungaji, walimu, wakati mwingine mume au mke. Kwa nchi ya watu milioni 16 huo ni mtandao ambao tawala nyingi za mabavu hazikuwahi hata kuuota. Dola hiyohiyo haikuona haya kufanya biashara ya watu. Kati ya 1963 na 1989 iliwaachia wafungwa wa kisiasa wapatao 33,000 waende Magharibi, nayo serikali ya Bonn, mji mkuu wa Magharibi, ikalipa fedha na bidhaa zenye thamani ya zaidi ya marki bilioni 3.

Fedha hizo zilihitajika. Kufikia miaka ya 1980 Ujerumani Mashariki iliishi kwa mikopo, na mwaka 1983 ilinusurika kwa mkopo wa marki bilioni 1 uliodhaminiwa na adui yake wa Magharibi. Oktoba 1989 mkuu wa mipango ya uchumi, Gerhard Schürer, aliwaandikia viongozi wa chama tawala waraka wa siri akieleza kwamba kusimamisha madeni tu yasiongezeke kungeshusha hali ya maisha kwa asilimia 25 hadi 30. Maana yake ni kwamba wakati wananchi wanaingia barabarani, serikali ilikuwa imekwisha kujua kuwa haina cha kuwapa.

Mwaka 1989 mambo yalikwenda kwa kasi ambayo hata walioyaanzisha hawakuitegemea. Mei, vikundi vya raia vilihesabu vyenyewe kura za serikali za mitaa na kuonyesha kwamba matokeo yalipikwa. Mwezi huohuo Hungary ilianza kuondoa seng'enge kwenye mpaka wake na Austria, na Septemba 11 ikaufungua rasmi kwa Wajerumani Mashariki. Makumi ya maelfu walipita. Wengine waliruka uzio wa ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague na kulala bustanini kwa wiki kadhaa, mpaka Septemba 30 waziri wa mambo ya nje wa Magharibi, Hans-Dietrich Genscher, alipowatangazia kutoka roshani kuwa wataruhusiwa kuondoka. Wakuu wa Berlin Mashariki, kwa kutaka kulinda heshima, waling'ang'ania treni za watu hao zipite kwanza katika ardhi yao. Matokeo yake yalikuwa vurugu katika kituo cha treni cha Dresden, ambako maelfu walijaribu kuzidandia.

Waliobaki walikuwa na ujasiri wa namna nyingine. Leipzig, maombi ya amani ya kila Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai yaligeuka kuwa maandamano. Tarehe 9 Oktoba, siku mbili baada ya serikali kusherehekea miaka 40 ya nchi kwa magwaride, watu wapatao 70,000 walizunguka barabara ya katikati ya mji huku askari wakiwa tayari na uvumi ukienea kwamba hospitali zimeongezewa damu. Hakuna risasi iliyopigwa. Kiongozi wa okestra ya mji, Kurt Masur, pamoja na wenzake watano, baadhi yao maofisa wa chama, walikuwa wameandika wito wa utulivu uliosomwa kwenye vipaza sauti. Kwa wengi wa Mashariki hiyo ndiyo tarehe kubwa, kuliko ya mwezi uliofuata, kwa sababu siku hiyo mtu alitoka nyumbani bila kujua kama atarudi. Siku tisa baadaye kiongozi wa nchi, Erich Honecker, aliyesema Januari kwamba ukuta utadumu miaka 50 hata 100, aling'olewa na wenzake.

Usiku wa Novemba 9 unajulikana zaidi, na una vichekesho vyake. Günter Schabowski, msemaji wa chama, alikuwa anamaliza mkutano na waandishi wa habari alipotoa karatasi ya kanuni mpya za kusafiri, ambayo hakuwa ameisoma vizuri. Kanuni zilikusudiwa kuanza kesho yake, kwa watu kupanga foleni na kuomba viza. Alipoulizwa zinaanza lini, alipekua karatasi zake na kujibu kuwa, kwa kadiri anavyojua yeye, ni papo hapo. Televisheni za Magharibi, ambazo karibu kila nyumba ya Mashariki ilizitazama, zikatangaza kwamba mpaka uko wazi. Watu wakaenda kuhakikisha. Kwenye kituo cha Bornholmer Straße ofisa wa zamu, Harald Jäger, alipiga simu kwa wakubwa wake mara kwa mara na hakupata amri ya maana. Karibu saa tano na nusu usiku aliwaambia askari wake wafungue. Ni kawaida kumpa Schabowski sifa ya kuuangusha ukuta kwa kuteleza ulimi. Sifa hiyo imezidi. Ukuta ulikuwa umepoteza kazi yake tangu Hungary ilipofungua mpaka, na kama si usiku ule ungekuwa usiku mwingine.

Hadi hapo hakuna lililoamuliwa kuhusu muungano. Wapinzani waliosimama mbele mwezi Oktoba, watu kama mchoraji Bärbel Bohley na wenzake wa vuguvugu la Jukwaa Jipya, walitaka kuitengeneza nchi yao, si kuizika. Desemba walikaa na serikali kwenye meza ya duara na hata kuandaa rasimu ya katiba mpya. Lakini watu waliendelea kuhama, Januari 1990 wakifikia karibu elfu mbili kila siku, na mabango ya Leipzig yakaanza kudai taifa moja na marki ya Magharibi. Kansela wa Magharibi, Helmut Kohl, alielewa upepo unakovuma. Katika uchaguzi huru wa kwanza na wa mwisho wa Bunge la nchi hiyo, Machi 18, 1990, zaidi ya asilimia 93 ya wapiga kura walijitokeza, na muungano wa vyama uliobebwa na Kohl ukapata karibu asilimia 48. Kundi la Bohley na washirika wake halikufika asilimia 3. Wale waliofungua mlango hawakuwa na nafasi ndani ya nyumba.

Katiba ya Magharibi iliacha njia mbili za kuungana. Kwa kifungu cha 146 Wajerumani wote wangeandika katiba mpya pamoja. Kwa kifungu cha 23 eneo lolote la Ujerumani lingeweza tu kujiunga na Jamhuri ya Shirikisho kama ilivyo. Ikachaguliwa ya pili, kwa kuwa ilikuwa ya haraka na hakuna aliyejua kiongozi wa Wasovieti, Gorbachev, atabaki madarakani Moscow kwa muda gani. Agosti 23 Bunge la Mashariki lilipitisha hatua hiyo kwa kura 294 dhidi ya 62, na Septemba 12 washindi wanne wa 1945 walitia sahihi mjini Moscow mkataba wa kuachia madaraka yao juu ya Ujerumani. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea mjadala wa serikali mbili au tatu, ataona tofauti mara moja. Zanzibar iliingia Muungano wa 1964 ikabaki na serikali yake na rais wake. Ujerumani Mashariki haikubaki na chochote: ilivunjwa na kuwa majimbo matano pamoja na nusu ya Berlin, na karibu kila sheria, kila cheo na kila fomu ya ofisini ikawa ya Magharibi. Hoja ya kuwa ilikuwa lazima iwe haraka ina nguvu. Hoja ya kuwa watu milioni 16 hawakuulizwa katiba wanayoitaka nayo ina nguvu, na haijazeeka.

Sehemu ya pili ya mwisho ilianza na fedha. Julai 1, 1990 marki ya Magharibi ilivuka mpaka. Mishahara na pensheni zilibadilishwa marki moja kwa moja. Akiba ya mtu mzima pia, hadi marki 4,000, au 6,000 kwa waliopita miaka 60, na kilichozidi kilibadilishwa mbili kwa moja. Wananchi walifurahi na wasingekubali kiwango kingine. Viwanda viliamka asubuhi hiyo vikiwa marehemu. Bidhaa zao ziliuzwa sasa kwa sarafu ambayo wateja wa zamani wa Urusi na Poland hawakuwa nayo, mishahara ilikuwa juu ya uwezo wa mitambo chakavu, na wafanyakazi wenyewe waliacha kununua walichokizalisha ili waonje maziwa, sabuni na magari yaliyokuwa kwenye matangazo. Katika miaka miwili uzalishaji wa viwandani ulishuka kwa zaidi ya nusu.

Kazi ya kuviuza viwanda hivyo ilipewa shirika lililoitwa Treuhandanstalt. Ubinafsishaji, ambao Tanzania nayo iliuzoea miaka hiyohiyo ya 1990, hapa ulifanywa kwa kiwango ambacho dunia haikuwahi kukiona: makampuni yapatayo 8,500 yenye wafanyakazi karibu milioni 4, kuanzia viwanda vya chuma hadi hoteli na mashamba. Rais wa shirika, Detlev Rohwedder, alikadiria mwaka 1990 kuwa mali hiyo ina thamani ya marki bilioni 600. Aprili 1, 1991 alipigwa risasi nyumbani kwake Düsseldorf. Kundi la kigaidi la mrengo wa kushoto lilidai kuhusika, na muuaji hajahukumiwa hadi leo. Mrithi wake, Birgit Breuel, alipofunga ofisi mwishoni mwa 1994, hesabu ilionyesha hasara ya zaidi ya marki bilioni 250. Kati ya ajira milioni 4 zilibaki karibu milioni moja na nusu. Wanunuzi walikuwa hasa kampuni za Magharibi. Wa Mashariki, waliokuwa na akiba ya marki elfu chache, waliambulia biashara ndogondogo.

Wataalamu wengi wa uchumi husema kuwa viwanda vingi havingeokoka kwa njia yoyote, na takwimu zinawaunga mkono. Lakini kumbukumbu haifuati wastani. Wanaozungumzia miaka hiyo hutaja Bischofferode, kijiji cha Thuringia ambako wachimbaji wa potasi waligoma kula Julai 1993 kwa sababu mgodi wao ulifungwa ingawa madini yake yalikuwa na soko. Kampuni iliyonufaika na kufungwa huko ilikuwa ya Magharibi. Mgodi haukufunguliwa tena. Zaidi ya hapo kulikuwa na madai zaidi ya milioni 2 ya watu waliotaka kurudishiwa nyumba na viwanja walivyoviacha au kunyang'anywa, kwa kuwa sheria ilitanguliza kurudisha mali kabla ya kulipa fidia. Familia zilizoishi katika nyumba moja miaka 30 zilipokea barua kutoka kwa mwanasheria wa Hamburg au Munich. Hofu ya miaka hiyo inasomeka hata kwenye hesabu za uzazi: mwaka 1989 walizaliwa watoto karibu 200,000 Mashariki, mwaka 1994 chini ya 80,000. Ulaya haikuwa imeona anguko kama hilo wakati wa amani.

Katika jambo moja Wajerumani Mashariki waliamua wenyewe, nalo ni majalada ya Stasi. Kuanzia Desemba 1989 raia walivamia ofisi za usalama mikoani baada ya kuona moshi wa karatasi zinazochomwa, na Januari 15, 1990 wakaingia makao makuu Berlin. Serikali ya Bonn ingependelea majalada yafungiwe. Waliokuwa wapinzani waligoma, wengine kwa kukataa kula, na sheria ya mwaka 1991 ikampa kila mtu haki ya kusoma alichoandikiwa. Rafu zina urefu wa kilomita 111, pamoja na magunia yapatayo 16,000 ya karatasi zilizochanwa, ambazo watumishi wamekuwa wakiziunganisha vipande kwa vipande. Chumba cha kusomea kilifunguliwa Januari 2, 1992 chini ya mchungaji Joachim Gauck, ambaye miaka 20 baadaye alikuwa rais wa nchi. Maombi ya raia yamezidi milioni 3. Wapo waliogundua kuwa aliyewaripoti ni rafiki wa miaka mingi. Wapo waliogundua kwamba rafiki waliyemshuku hakuhusika kamwe. Nchi chache zilizotoka kwenye udikteta zimethubutu kufanya hivyo.

Mahakama zilifanya kidogo zaidi. Askari wa mpakani waliofyatua risasi walipewa vifungo vya nje kwa sehemu kubwa. Kesi ya Honecker ilisimamishwa Januari 1993 kwa ajili ya saratani, akaenda Chile na kufia huko mwaka uliofuata. Egon Krenz, aliyemrithi kwa wiki chache, alihukumiwa mwaka 1997 miaka sita na nusu jela.

Kuna watu ambao simulizi za taifa kuungana huwasahau kabisa. Mwaka 1989 wafanyakazi wa mkataba kutoka nje walikuwa karibu 90,000, wapatao 60,000 kutoka Vietnam na 15,000 kutoka Msumbiji. Viwanda vilipofungwa wao walitangulia kuondolewa. Waliobaki walikutana na chuki iliyolipuka Hoyerswerda mwaka 1991 na Rostock mwaka 1992, ambako jengo lililokaliwa na Wavietnam lilichomwa moto huku umati ukishangilia. Wasumbiji walirudi Maputo na kukuta kwamba sehemu ya mishahara yao, iliyokatwa kila mwezi ili wapewe nyumbani, ilikuwa imetumika kulipia deni la nchi yao kwa Ujerumani Mashariki. Wanaitwa Madgermanes, na kwa miongo kadhaa wameandamana mitaani kila wiki wakidai haki yao, wengine wakipeperusha bendera ya nchi ambayo haipo. Agosti 1990 watoto wapatao 430 wa wakimbizi wa Namibia, waliolelewa Bellin na Staßfurt tangu mwaka 1979, walirudishwa Windhoek kwa muda mfupi wa matayarisho, wakiongea Kijerumani kuliko lugha za wazazi wao.

Pwani ya Waswahili nayo iliujua mgawanyiko huo kwa karibu. Zanzibar ya baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na ilipoungana na Tanganyika miezi michache baadaye, ubalozi wa Wajerumani hao uliokuwa Unguja ukawa mwiba. Bonn ilishikilia kuwa anayeitambua Mashariki hawezi kuwa rafiki yake. Mwaka 1965, Ujerumani Mashariki iliporuhusiwa kufungua ofisi ya konseli Dar es Salaam, Bonn iliondoa msaada wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akajibu kwa kuikataa misaada yake mingine. Unguja, nyumba za Kikwajuni na Kilimani zilijengwa kwa msaada wa Mashariki, na majumba ya maendeleo ya Michenzani yakafuata mkondo huo. Wenye redio walikuwa na Ujerumani mbili katika Kiswahili kimoja: Deutsche Welle kutoka Cologne na Radio Berlin International. Ya pili ilinyamaza Oktoba 2, 1990, na mitambo yake ikachukuliwa na ya kwanza, jambo ambalo kwa ufupi wake linaeleza muungano mzima.

Namna ya kuadhimisha nayo ilileta matatizo. Novemba 9 haikufaa kuwa sikukuu ya taifa, kwa kuwa ndiyo tarehe ya usiku wa mwaka 1938 ambapo masinagogi yalichomwa. Ikachaguliwa Oktoba 3, siku ya maofisa, isiyokumbukwa na mtu kwa lolote alilolifanya yeye mwenyewe. Ukuta ulibomolewa kwa pupa kiasi kwamba baadaye ilibidi vipande vilivyosalia vilindwe, kama vile kilomita 1.3 za East Side Gallery zilizochorwa na wasanii mwaka 1990, na eneo la Bernauer Straße lililo sasa makumbusho makuu. Sanamu la uhuru na umoja lililopitishwa na Bunge mwaka 2007 lilikuwa bado halijafunguliwa hadi 2024.

Ubishi mkali zaidi ulihusu Jumba la Jamhuri, ambamo Bunge la Mashariki lilikaa na ambamo watu wa kawaida walicheza muziki, walikula na kufunga harusi. Lilikuwa na asbesto, likasafishwa, kisha likabomolewa kati ya 2006 na 2008. Mahali pake pakajengwa upya kuta za kasri la wafalme wa Prussia, na ndani yake, chini ya jina la Humboldt Forum, yakawekwa makusanyo ya vitu vya Afrika na Asia, vikiwemo vilivyochukuliwa enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kufuta alama ya utawala mmoja na kufufua ya mwingine, tena ule uliotawala Tanganyika kwa kiboko, ni uamuzi ambao watetezi wake hawajautolea maelezo ya kuridhisha.

Utamaduni ulitangulia siasa katika kuyasema haya. Filamu ya Good Bye, Lenin! ya mwaka 2003 ilicheka na kulia juu ya kijana anayemficha mama yake mgonjwa habari za kifo cha nchi. The Lives of Others ya 2006, iliyopata tuzo ya Oscar, ilirudisha macho kwa Stasi. Kwa muda mrefu Mashariki ilionyeshwa kwa njia hizo mbili tu, ya kicheko na ya hofu. Taa za waenda kwa miguu zenye kijimtu chenye kofia, zilizobuniwa na Karl Peglau mwaka 1961, zilinusurika baada ya kampeni ya wananchi na zikaenea hadi Berlin Magharibi. Ni miongoni mwa vitu vichache vya Mashariki ambavyo Magharibi ilikubali kuvipokea. Mwaka 2023 kitabu cha profesa wa Leipzig, Dirk Oschmann, kilichodai kuwa picha ya Mashariki ni ya kubuniwa na watu wa Magharibi, kilinunuliwa kwa wingi kwa sababu kilisema hadharani kilichosemwa sebuleni. Hata Angela Merkel, aliyeishi Mashariki miaka 35 na kuongoza nchi miaka 16, alisubiri mpaka hotuba yake ya Oktoba 3, 2021 mjini Halle kulalamika kwamba maisha yake ya awali yameandikwa kama mzigo usio na faida.

Mabilioni yaliyotumwa Mashariki hayakupotea. Miji iliyokuwa ikibomoka imekarabatiwa, mito imesafishwa, umri wa kuishi umepanda, na Leipzig na Dresden zinavutia vijana. Lakini mishahara bado iko chini, wakuu wa mahakama, vyuo na makampuni bado wengi ni wa Magharibi, na katika uchaguzi wa Februari 2025 chama cha AfD cha mrengo mkali wa kulia kiliongoza katika majimbo yote matano yaliyokuwa ya Ujerumani Mashariki. Kueleza kura hizo kwa machungu ya miaka ya 1990 pekee ni kuwasamehe wapiga kura kupita kiasi, maana baadhi yao hawakuwa wamezaliwa. Kuyapuuza machungu hayo nako ni upofu. Mwaka wa kazi wa mtu wa Mashariki ulianza kuhesabiwa sawa na wa Magharibi kwenye pensheni Julai 1, 2023, karibu miaka 33 baada ya nchi kuwa moja.